Siku Walipotangaza Kuwa Mimi ni Mwongo

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema natunga uongo na kunyoosha uongo wa wenzangu. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Naandika hadithi za mambo yasiyokuwepo: mashine ambazo hakuna fundi aliyeziunda, miji iliyo chini ya mto Malagarasi, watu wanaozaliwa wazee wakafa wachanga. Waliosoma wana majina marefu ya kuziita hadithi za namna hiyo. Mimi niliishia darasa la saba, nikaanza kuzitunga kabla sijajua kuwa zina jina.

Sasa hivi nalala vizuri, nakula, na mlango wangu nafunga kwa komeo la kawaida tu. Kabla ya hapo walikuwepo watu watatu walionifikisha pabaya. Majina yao siyaandiki, maana watoto wao hawajanikosea. Lakini kazi zao nitazitaja, na anayekaa upande wetu wa Kibondo atajijazia mwenyewe: mwenye steshenari wa Kasulu, shemeji yangu, na mwenyekiti wa kitongoji chetu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole.

Nianze na wa Kasulu, maana ndiye aliyenifundisha kazi, na haki yake nampa. Mume wangu alipokuwa hai tulikuwa tunakaa Kasulu mjini, nikapata kibarua cha kufagia steshenari ile na kubana pini kwenye makaratasi. Baadaye nikajua kuchapa. Watu walileta ratiba za mazishi, maombi ya kazi, na zaidi ya vyote walileta shuhuda. Kwetu vitabu vinavyotembea sokoni ndivyo hivyo, vijitabu vyembamba vya mtu aliyekwenda kuzimu akarudi, aliyekuwa mchawi akaokoka, na juu ya jalada kwa herufi kubwa: KISA CHA KWELI. Mzee mmoja alileta ushuhuda ambao ndani yake alikufa mara mbili akafufuka mara moja. Nikamwuliza, baba, hii ya pili ulifufuka lini? Akasema mwanangu, wewe chapa tu. Nikamwongezea ufufuo mmoja mahali panapofaa. Alipokisoma alilia, akasema ndivyo hasa ilivyokuwa. Siku ile nikawa mhariri.

Mume wangu alifia hospitali ya Kabanga. Nikarudi kijijini kwao, upande wa Kibondo, kwenye nyumba aliyoijenga na kipande cha mihogo na migomba kilichokuwa chake. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuja arobaini ilipopita, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kwa upole kwamba mwanamke asiye na mtoto hana sababu ya kushikilia udongo wa watu. Nikamwambia udongo huo nimeulima mimi. Akasema haya. Mtu akisema haya namna ile, ujue hajamaliza.

Mchana nilikuwa nalima, jioni naandika. Niliandika habari za mjane mmoja ambaye mashine yake ya kusaga muhogo iliharibika. Alipoitengeneza ikawa inavuta mawingu badala ya makopa, ule muhogo mkavu. Inasaga mawingu, unga unaotoka ndiyo mvua, na pumba zake ndizo radi. Mjane anazikusanya pumba zile vyunguni ili zisimdhuru mtu. Siku moja mtoto wa jirani anapanda juu ya mashine kuchungulia, anavutwa, anaingia mbinguni mzima mzima, na dizeli inaisha kabla hajashuka. Hapo nikakata. Nilisimulia kwa kusema mimi, mimi nilifanya hivi, mimi niliona vile, kwa sababu shuhuda zote nilizozichapa zilikuwa za mimi, na sikujua kama kitabu kinaweza kuandikwa kwa namna nyingine.

Nikampelekea mwenye steshenari. Akasoma amesimama mlangoni, akasahau mteja. Akasema kitauzika. Nilipokiona kimechapwa, juu ya jalada palikuwa na picha ya radi, na juu ya radi KISA CHA KWELI. Nikamwambia lakini kaka, si cha kweli. Akasema, "Dada, nani atanunua uongo? Uongo watu wanao majumbani kwao."

Nami nilikuwa na furaha ya kuona maneno yangu yamebanwa pini. Nikakiacha kiuzwe hivyo hivyo.

Sasa mtu yeyote wa nyanda zetu ameshaona nilichofanya. Huku radi haiji yenyewe. Radi hutumwa. Na hapa kuna mjane asiye na mtoto, anayekaa peke yake, ambaye ameandika kwa mkono wake kwamba mimi naweka radi chunguni. Msimu wa mvua ulipoanza radi ikapiga ng'ombe wa maziwa wa shemeji yangu, nyuma ya nyumba yake. Hakuna aliyenituhumu siku ile. Waliacha tu kuniomba moto.

Wa kwanza kulalamika kwa sauti alikuwa mwenye mashine ya kusaga ya kijijini, maana watu waliacha kupeleka muhogo kwake. Walianza kutwanga, au kubeba mpaka kijiji cha pili, wakisema haijulikani mashine ile inasaga nini jioni ikifungwa. Halafu mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao ambacho sikuitwa. Wakakubaliana kuleta kamchape, wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Serikali imewakataza, na mwenyekiti alijua. Mtendaji wa kijiji naye wiki ile akawa na safari ya Kibondo mjini isiyoisha. Shemeji ndiye aliyewapa pa kulala na chakula.

Nilijua kinachofuata, kila mtu anajua. Kamchape hakosi kitu. Akiingia kwako atachimba sakafu, atatoka na pembe, na mwenye nyumba haruhusiwi kusema hakuizika yeye. Mjane wa kijiji cha juu walimtolea pembe kwenye mafiga. Mchana nyumba ikabomolewa, jioni shamba likawa na mwenyewe mpya. Yeye mwenyewe nilisikia yuko Muyama, anakaa kwa watu. Nikatazama nyumba yangu nikaona imeshaanguka, bado tu kuguswa.

Waliniita asubuhi, uwanja wa mbele ya mashine ya kusaga. Kijiji kizima kilikuwepo. Kiongozi wa kamchape alikuwa mwanamume mnene aliyevaa fulana ya mpira, na njuga miguuni. Mkononi alikuwa na kijitabu changu. Akasema leo hatachimba kwanza, kwa sababu mchawi huyu ameshajichimba mwenyewe. Watu wakaguna. Akafungua ukurasa wa vyungu akaanza kusoma, lakini kusoma kulimpiga chenga. Alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, kila neno anasimama kutafuta la mbele. Mwanamke mmoja nyuma akauliza hivyo vyungu vimetoka wapi. Mwingine akasema anzeni mwanzo, mbona mnatuingiza katikati kama wezi? Mwenyekiti akaona kelele zimezidi, akamwambia katekista achukue yeye, maana kusoma ndiyo kazi yake.

Katekista akavaa miwani. Akasoma kama anavyosoma kanisani, polepole, anashusha sauti kwenye nukta. Kwa kweli sijawahi kusomwa vizuri namna ile, kabla wala baada. Watu wakaanza kukaa chini mmoja mmoja. Mjane wangu alipomtukana fundi aliyeweka boliti kinyume, wanawake wakacheka, wakajikumbuka, wakaziba midomo. Mpiga ngoma wa kamchape aligusa ngoma kidogo tu, akaambiwa na wanawake wale wale atulie. Nilikuwa nimeshika kanga yangu kifuani, naona panga la mtu pale limeegemezwa ukutani. Na bado, Mungu nisamehe, katekista alipofika mahali nilipoandika giza mara mbili katika mstari mmoja, nikawaza hapo ningefuta moja.

Mtoto akapanda juu ya mashine. Akavutwa. Dizeli ikaisha. Katekista akafunua ukurasa wa mwisho akasoma, "Itaendelea." Akakigeuza kijitabu nyuma kuona kama kuna zaidi.

Shemeji akasimama haraka. Akasema mmesikia wenyewe kwa masikio yenu, ng'ombe wangu amekufa kwa radi ya huyu, tunangoja nini. Lakini mbele kabisa, kwenye kigunia, alikuwa amekaa bibi mmoja mzee, mama yake mwenye mashine. Bibi yule hakumtazama shemeji. Alinitazama mimi.

"Wewe, mama. Huyo mtoto alishuka?"

Nikasema sijui, bibi.

"Hujui vipi? Si wewe uliyemwacha huko?"

"Sijaamua, bibi."

"Hujaamua nini?"

"Kama ashuke au abaki. Sijaiandika bado. Naweza kumshusha, naweza kumwacha."

Sikuwa najitetea. Wallahi, akili ya kujitetea sikuwa nayo, nilijibu kama mtu anayeulizwa kuhusu kazi yake. Bibi akakaa akilitafuna lile neno. Halafu akaanza kucheka, cheko la tumbo la wazee, mabega yanacheza.

"Jamani, mchawi gani hajaamua? Mchawi akishamla mtoto amemla. Huyu si mchawi. Huyu ni mwongo!"

Neno likapita uwanjani kama moto wa nyasi. Mwongo. Ni mwongo huyu. Kumbe anatudanganya. Nikawasikia watu wakihema. Shemeji akapaza sauti, akasema mbona imeandikwa hapo juu kisa cha kweli, someni. Nikasema maneno hayo si yangu, ni ya mwenye steshenari wa Kasulu. Na bibi, bila kugeuza shingo, akamwambia, "Hata sabuni imeandikwa inatoa madoa yote. Shati lako hilo vipi?"

Hapo walicheka mpaka wa nyuma. Mwenye mashine, ambaye wiki nzima alikuwa upande wa shemeji, akaona njia yake. Akasimama mlangoni pa mashine akatangaza kwamba kama habari yote ni uongo, basi na mashine yake haina kosa, na asije mtu kuchimba chochote hapa. Sijidanganyi. Hakuniokoa mimi, aliokoa biashara yake. Lakini ukiwa mtoni hukagui kamba imesokotwa na nani. Kiongozi wa kamchape akajaribu kusema uongo nao ni dawa wanayotumia wachawi, hakuna aliyemsikiliza, wanawake walikuwa wanabishana kama mtoto anaweza kuishi mbinguni bila kula. Wale waganga wakaondoka siku ile ile kuelekea kijiji cha mbele. Huko walipata walichokitafuta, na mwanamke wa huko hakuwa na bibi. Hilo linaniuma mpaka leo, na mwenyekiti wetu analijua pia, ingawa tukikutana ananisalimia kama vile tulikula sikukuu pamoja.

Nilirudi nyumbani nikakaa sakafuni. Sakafu ilikuwa nzima. Nikaipapasa kwa kiganja. Nikasonga ugali wa muhogo mkubwa kuliko tumbo langu, nikaumaliza.

Baadaye nilipanda basi mpaka Kasulu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika mwenye steshenari akanipokea kwa kicheko, akasema dada, habari zako zimefika, kijitabu kimekwisha chote, watu wanauliza sehemu ya pili. Nikamwambia kidogo wanibomolee nyumba kwa maneno yake matatu. Akauliza, "Kwani walibomoa?"

Nikamwambia sehemu ya pili haitoki mpaka jalada liandikwe HADITHI YA KUTUNGA, na hayo hayo yaandikwe kwenye hadithi ya mtu mwingine yeyote atakayeileta, na atakayeamua ipi ni ya kutunga ni mimi. Alibisha mpaka chai ikapoa. Akakubali kwa sababu ya wateja, si kwa sababu yangu. Ndivyo nilivyopewa kazi ya uhariri niliyo nayo sasa. Waandishi wananitumia hadithi zao kwa simu, mwalimu mmoja wa Muyama anayependa vita vya nyota, mama mmoja wa Kibondo ambaye wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi na ambaye majitu yake yanaongea Kirundi yakikasirika. Yale ya Kirundi siyagusi. Nafuta giza la pili. Na kila mjane akisema mimi, nampigia simu mwandishi namuuliza: unakaa na nani, jirani zako wakoje? Wengine wanaona nawaingilia. Waone.

Lakini kabla ya sehemu ya pili kuchapwa, ilibidi niimalize, na bibi yule hakunipa nafasi. Kila Jumapili baada ya misa alinituma mjukuu: mwambie mwongo aje. Nilikwenda, tukakaa jikoni kwake tunapukuchua maharage, ananiuliza mtoto ameshuka? Nasema bado. Ananiambia mimi nina roho mbaya kuliko kamchape.

Jumapili moja nilimshusha. Sikuwa nimeandika, nilisema tu kwa mdomo. Mjane alikosa dizeli, akamimina mafuta ya mawese kwenye tangi, mashine ikakohoa, ikaanza kuzunguka kinyume, na mtoto akatoka kwa chini pamoja na unga, mweupe mwili mzima, anapiga chafya, analia njaa. Mama yake akampiga kofi moja kwanza, halafu akamkumbatia.

Bibi aliacha kupukuchua. Akasema mawese hayawezi kuwasha injini.

Nikasema najua, bibi.

"Mwongo we," akasema, akanisogezea ungo wake nimalizie yaliyobaki, akaegemea ukuta, akafumba macho. "Nilikuwa silali kwa ajili ya mtoto wa watu."