Mahali Ambapo Kublu Alisema Hajui

Kaka yangu Kublu alikuwa mtu wa kuudhi kwa ukweli. Umuulize kama sili wapo, anakujibu, "Jana walikuwepo. Leo sijaenda." Marehemu mkewe alizoea kusema ameolewa na shahidi wa mahakamani.

Watafiti wa barafu walimpendea hilo. Miaka tisa, kila Machi, mmoja wao, Koleti, alikuja kutoka kusini na mashine zake. Kublu akimpeleka juu ya bahari iliyoganda, akiichoma barafu kwa chusa: hapa pazuri, hapa mkondo unakula chini kwa chini. Koleti akichora ramani.

Walipofika mlangobahari wa Ikirasak, nilikuwepo, nachemsha chai.

"Na hapa, mzee?" Koleti akauliza.

"Sijui."

Nikamrukia kwa lugha yetu. "Hujui nini, wewe! Baba si alitukataza kupita hapa mwezi ukiwa mpevu, mkondo ukivuta kwa nguvu?"

"Baba alipaona. Mimi sijawahi kuona pakivunjika, dada. Nidanganye?"

"Mkaidi wee! Haya, kunywa chai yako."

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Kwetu, mwindaji wa miaka sitini akisema mahali hapajui, unazunguka mbali. Koleti angejuaje? Ikirasak pakabaki peupe, na kwenye ramani ile peupe ni barafu nzuri.

Aprili iliyofuata nilikuwa kambini ng'ambo ya Ikirasak, kifua kimenibana. Qillaq, binti pekee wa Kublu, aliyesomea kusini, akapanda pikipiki yake ya theluji kuniletea dawa. Baba yake alikuwa mawindoni. Msichana alifuata ramani iliyomo kwenye simu, ramani ya baba yake mwenyewe, akaamini. Mwezi ulikuwa mpevu. Tulikuta shimo, na sleji yake ya mizigo imekwama ukingoni, dawa zangu juu yake hata hazijalowa. Mwili hatukuupata.

Nilitaka Kublu anitukane. Hakunitukana. Ilinichoma zaidi.

Machi iliyofuata, Koleti alirudi. Alilia mlangoni hata kuingia akashindwa. "Nisamehe, mzee. Nilipaswa kuuliza mara ya pili."

"Ingia, baridi inaingia," Kublu akasema.

Akaomba ramani, akaomba kalamu nyekundu. Nikataka kumshikia karatasi, akanisukuma. Akaipaka Ikirasak yote, ufuo hadi ufuo, mpaka karatasi ikatoboka.

"Andika," akamwambia Koleti. "Hapa najua."