Viti Vilivyotazama Ukuta

Juzi hapa Keko, kwenye karakana ninayofanyia kazi ya kuvalisha makochi, fundi mwenzangu alipokea kiti cha mteja akakisukuma pembeni kikatazama ukuta, ili apate nafasi ya kukata sponji. Nikashtukia nimepiga kelele: "Kigeuze, bwana! Kigeuze!" Akanikodolea macho. "Sista, kwani kiti kina macho?" Nikacheka, maana mie mwepesi wa kucheka, ila nilikwenda kukigeuza mwenyewe. Ndo nikaona bora nikusimulie, rafiki yangu. Pengine we hujawahi kuwa na timu iliyokufa. Mie ninayo.

Timu yetu iliitwa Randa. Mafundi seremala wa hapa Keko waliianzisha zamani, mama yangu hajazaliwa, wakaipa jina la kifaa walichokuwa wanakishika kutwa nzima. Mie nilipopata akili niliikuta iko ligi kuu, inawatoa jasho wakubwa wa mjini. Tukishinda, mafundi walikuwaga wanagonga nyundo kwenye mabati barabara nzima, na sie watoto tunakimbia katikati tunaimba "Piga randa! Piga randa!" mpaka sauti zinakauka. Jirani yetu mfuga kuku alikuwa analalamika kwamba kelele za ushindi zinawafanya kuku wake wasitage. Maskini, hakujua ipo siku watataga msimu mzima bila kusumbuliwa na mtu.

Tawi letu la wanachama lilikuwa nyuma ya karakana, banda la mbao na mabati lenye harufu ya vanishi na gundi. Kila mwanachama alikalia kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Kununua ilikuwa aibu. Kwa hiyo hapakuwa na viti viwili vinavyofanana: kimoja kirefu kama cha hakimu, kingine kimekaa upande kwa sababu mwenyewe alikuwa na nyonga mbovu. Cha Babu kilikuwa cha mninga, kizito hasa, mikono yake mipana unaweka kikombe cha kahawa na hakianguki. Mninga ulimwishia akiwa amebakiza mguu mmoja wa nyuma, akaumalizia kwa mbao ya mkongo, na tangu hapo ukikikalia kinalia kwii. Babu alisema hicho ndicho kicheko chake. Mlangoni Bibi alikuwa anakaanga mihogo kwenye jiko la maranda, yale mabaki mbao ikipigwa randa, na Jumamosi asubuhi mie ndo nilikuwa nafagia ndani, hayo maranda yakawe moto wa Bibi.

Sasa ngoja nikwambie desturi yao. Mwanachama akifa, matanga yakiisha, mwenyekiti wa tawi alikuwa anakichukua kiti cha marehemu anakigeuza kitazame ukuta. Kinakaa hivyo mpaka timu ishinde mechi ya ligi. Ikishinda, kinageuzwa mbele ya watu, ngoma inapigwa, na mtu wa familia yake anakikalia.

"Mtu wa Randa haondoki tukiwa tumefungwa, mjukuu wangu," Bibi alinieleza. "Anasubiri ushindi, ndo anakwenda zake."

"Sasa akisubiri anaangalia nini pale ukutani?"

"Anaangalia mpira wa upande wao." Alisema hivyo huku anageuza mihogo kwenye mafuta, kama mtu anayekwambia bei ya nyanya.

Wakati ule haikuwa ishu. Randa ilikuwa inashinda, na kiti kilikuwa hakikai siku nyingi. Wazee walitaniana mpaka na viti vyenyewe. Mpiga ngoma wetu, mchonga vinyago aliyetoka kusini, Mkristo wa watu aliyekuwa anafuturu na sie Ramadhani nzima, akipita alikuwa anakipiga kiti kofi la mgongoni: "Vumilia, jamaa yangu, Jumamosi tunakugeuza."

Halafu ushindi ukaanza kuadimika. Mfadhili wetu, Mwarabu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alifariki, na wanawe hawakuwa watu wa mpira. Wachezaji wazuri wakaondoka. Akaja kocha, akaondoka, akaja mwingine mwenye maneno mengi. Tukawa watu wa sare na kufungwa. Na wazee wetu hawakuacha kufa kwa sababu timu inafungwa. Kiti kikageuzwa, kikakaa mwezi. Kingine kikasogezwa ubavuni mwake. Ikafika mahali ukuta wa nyuma umejaa, wakaanza ukuta wa pembeni.

Hapo ndo nilipoanza kuogopa kufagia. Asubuhi mwanga ulikuwa unapenya kwenye matundu ya misumari ya bati, unatua kwenye ile migongo ya viti, mirefu na mifupi, yote imenipa kisogo. Ukimya wake, rafiki yangu, ulikuwa ule wa watu wanaosubiri penalti ipigwe. Na kulikuwa na jambo sikumwambia mtu. Keko vumbi la mbao linatua kila mahali, hata kwenye chai. Viti vilivyotazama mbele nilikuwa navikuta vimejaa vumbi. Vile vya ukutani vilikuwa safi. Siku moja nikajitia ujasiri nikapitisha kiganja kwenye kimojawapo. Ubao ulikuwa wa uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu kainuka sasa hivi.

Babu alifariki katikati ya msimu wa mwisho, akiwa anapiga msasa kitanda cha watu. Mwenyekiti alikigeuza kiti chake na ule mguu wa mkongo ukalia kwii, na hakuna aliyecheka. Bibi akaingia eda, hatoki nje. Mihogo akawa anakaanga shangazi, vibaya. Kila siku ya mechi Bibi alikuwa anapika kahawa, anaijaza kwenye kikombe cha Babu, anakaa mlangoni pa chumba ananisubiri. Nikiingia, kabla ya salamu:

"Wamemgeuza?"

"Bado, Bibi."

Alikuwa haulizi tumefungwa ngapi. Anachukua kisahani anakifunika kikombe, basi. Akaanza kukonda, shingo ikawa nyembamba ndani ya ile nguo nyeupe ya eda. Siku moja aliniambia taratibu, kama ananituma dukani: "Babu yako ana mgongo mbovu. Kukaa muda mrefu hawezi." Tangu siku hiyo mie mpira ukaacha kuwa mchezo. Nilikuwa nasikiliza mechi nimeuma kanga, naomba goli moja tu, hata la kujifunga wenyewe wale wengine, Babu apumzike na Bibi ale.

Tawini nako hali ilikuwa mbaya. Viti vya ukutani vilikuwa vimeshazidi vya kukaliwa.

"Sare tuihesabu," mpiga ngoma alisema siku moja. "Sare ni nusu ushindi, mwenyekiti."

"Basi nitawageuza nusu," mwenyekiti akamjibu. "Watazame dirishani."

Watu wakacheka. Halafu wakaangalia ukutani, kicheko kikaishia njiani.

Ndo likaja lile wazo la Kiwalani. Wakatafuta mechi ya kirafiki na vijana wa gereji wa kule, watoto wa watu, wengine walicheza na soksi tu. Tukawafunga kapu la mabao. Jioni ile ngoma ikapigwa kwa pupa, mwenyekiti akavigeuza viti vyote, kimoja kimoja, anataja majina. Nikakimbia nyumbani na kandambili mkononi.

"Bibi! Wamemgeuza!"

Uso wake ulifunguka. Halafu akauliza, "Mmecheza na nani?" Nikamwambia. Akaguna. "Babu yako hawezi kukubali."

Asubuhi nilikwenda kufagia. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyefungua kufuli, maana ufunguo ulikuwa wake peke yake, na mpiga ngoma alikuwa nyuma yetu anatafuta kofia aliyoisahau. Viti vyote vilikuwa vimerudi kutazama ukuta. Maranda ya sakafuni yalikuwa yametulia, hayana hata mstari wa kitu kuburuzwa. Mwenyekiti alisimama pale mlangoni, hakuingia.

"Wazee wameukataa ushindi wa dezo," mpiga ngoma alisema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia anaongea bila utani. Kofia hakuichukua.

Tukafika mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki ligi kuu. Tukitoa sare au tukifungwa, tunashuka daraja. Ilichezwa kule upande wa Chamazi, na tawi zima likapanda lori la Fuso likaenda, na ngoma, na nyundo za kugongea mabati. Wiki ileile Bibi alikuwa ametoka eda. Baada ya adhuhuri akavaa baibui, akabeba redio ya Babu, akanishika mkono. "Nipeleke kwa babu yako." Nikadhani makaburini. Akakata kona ya tawini, ufunguo alikuwa ameuomba kwa mwenyekiti asubuhi.

Tukatandika mkeka katikati ya banda. Karakana zote zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa sijawahi kuisikia Keko bila msumeno. Mtangazaji alikuwa anapayuka, na nyuma ya sauti yake, mbali kabisa, nilikuwa naisikia ngoma yetu. Tukafunga sie kwanza. Nikaruka. Bibi akaninyooshea kidole nitulie, kichwa kakiinamisha, anasikiliza.

Kule ukutani kiti kimoja kikalia kwii.

"Anasogea mbele," Bibi alininong'oneza. Alikuwa anatabasamu. "Huwa anasogea mbele tukiongoza."

Nilitaka kukimbia na nilitaka kubaki. Nikajibana kwenye baibui lake. Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kama mfungo, na ile ngoma ya redioni ikaanza kulegea kabla hata mtangazaji hajasema kitu, kama mpigaji kaona kinachokuja. Wakasawazisha. Zikapita dakika za nyongeza. Firimbi. Mtangazaji akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hayamhusu, kwamba Randa imeshuka daraja, kisha likafuata tangazo la magodoro.

Bibi alizima redio. Nikaanza kulia, nikamwambia, "Sasa Babu, Bibi? Babu itakuwaje?"

Aliinuka akakiendea kiti cha Babu, akasimama ubavuni mwake kama alivyokuwa anasimama akimletea kahawa, akaweka mkono pale ambapo lingekuwa bega.

"Mume wangu," alisema, "wameshuka. Watoto wa watu wamejitahidi, mpira umekataa. Hakuna tena cha kusubiri hapa. Na mie nimechoka kukusubiri usubiri. Geuka, uende ukalale."

Akakishika mikono yake miwili. Kiti kile kilikuwa kinahitaji mwanamume wa miraba minne, na Bibi yangu alikuwa amebaki mifupa. Kiligeuka kama mlango uliopakwa mafuta. Mguu wa mkongo haukulia. Bibi alikitazama kidogo, akafuta pua na ncha ya ushungi, akasema tutoke tukawashe jiko, watu watarudi na njaa.

Walirudi jua linazama. Fuso ilisimama bila ngoma, watu wakashuka mmoja mmoja kama wametoka kuzika. Mwenyekiti alimwamkia Bibi, akaingia ndani kuweka bendera. Akakaa humo. Alipotoka bendera ilikuwa bado ipo begani.

"Mama," alisema, "mmevigeuza vyote nyie?"

"Nimemgeuza wangu tu, mwanangu."

Tukasogea mlangoni wote. Viti vilikuwa vinatutazama. Safu kwa safu, cha hakimu, cha mwenye nyonga, vyote, vimetazama mlango ulio wazi. Mpiga ngoma akapiga ishara ya msalaba, wengine wakasoma Fatiha. Bibi akaanza kugawa mihogo kwenye vipande vya gazeti, na watu wazima wakala wamesimama nje, wamewaachia njia wanaopita.

Usiku ule Bibi alikula sahani nzima. Baadaye familia zikaja zikabeba viti vyao kichwani, banda likavunjwa, leo ni maegesho ya bodaboda na singeli inapigwa kutwa. Watoto wa Keko wanavaa jezi za timu za Ulaya. Mie bado naota, usinicheke: nikipata nafasi nitaanzisha timu ya wasichana, jezi nitazishona mwenyewe. Lakini nikiikumbuka Randa, si vikombe ninavyovitamani. Navitamani vile viti nilivyoviogopa. Tulikuwa na mahali ambapo mtu wetu akifa anakaa kwanza, anasubiriwa, anaagwa kwa jina na ngoma. Siku hizi mtu akifa tunazika, tunakula wali, tunatawanyika.

Bibi naye alitutoka mwaka jana. Alikuwa hana kiti tawini. Alikuwa na kigoda chake cha kukaangia mihogo, kimeingia mafuta mpaka kimekuwa cheusi. Baada ya matanga nilikichukua nikasimama nacho chumbani kwangu, sijui nikielekeze ukuta upi, na timu ya kumshindia hakuna. Nikakiweka katikati ya chumba. Mpaka leo kipo hapohapo, na nikipita nakizunguka.