Bomba Ndani ya Gunia la Maharage

Mimi si mwoga. Nyoka wala mitihani havijawahi kunikimbiza. Lakini vizuizi vya jeshi kati ya Kasese na Bwera, miezi ile ya wasiwasi wa mashambulizi, vilinikausha mate mdomoni.

Nilikuwa naenda kuanza kazi ya kufundisha fizikia Bwera, na baba alikuwa ananipeleka kwa lori lake, pamoja na maharage ya Kyarumba. Nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwanga unavyogawanyika kuwa rangi mbalimbali: bomba la chuma, mpasuo mwembamba kati ya nyembe mbili mwanzoni, kipande cha CD ndani, na utepe mweusi kila mahali ili mwanga usipenye. Baba, kama wenye malori wenzake, kitu cha kuvunjika hukizika katikati ya gunia ili mashimo ya barabara yasikiumize. Alikizika bila kuniambia.

Kwenye kizuizi kimoja, askari alikuwa anachoma magunia kwa chuma chembamba. Kikagonga, ngo! Akazamisha mkono, akalitoa bomba, akaruka nyuma na kukoki bunduki.

"Shuka! Nani iko na hii bomu?"

Baba akapiga magoti vumbini na kanzu yake nyeupe. "Wallahi afande, si bomu. Ni ya mutoto yangu. Iko mwalimu."

"Ni ya mwanga, afande," nikasema. "Ya namna hii iliyo kubwa, wanasayansi wanatafutia sayari za nyota zingine."

"Iko wapi hiyo sayari?"

"Haionekani. Inavuta nyota yake, nyota inatikisika kidogo, mistari ndani ya mwanga wake inasogea. Basi tunajua sayari iko."

Akaliinua bomba, akalielekeza kwenye jua, jicho tayari. Akiumia jicho, sisi hatufiki Bwera.

"Usitazame jua!" nikapiga kelele.

Mtutu ukanigeukia. Niliogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa maishani.

"Wingu, afande," nikanong'ona. "Tazama lile wingu jeupe."

Akatazama kwa muda mrefu. "Rangi iko," akasema polepole. Kisha akanitupia bomba. "Haya, potea!"

Ndani ya lori baba alicheka, akasema yeye hakuogopa hata kidogo, askari anawajua tangu zamani. Lakini ufunguo wa lori mkononi mwake ulikuwa unagonga-gonga kando ya tundu lake bila kuingia. Nikamshika mkono, tukauingiza pamoja.