Mama Zainabu Hamjui Otieno

Leo nimeambiwa sijawahi kuishi nyumbani kwangu!

Nyumba yetu ya baraza la jiji, Kaloleni ya Nairobi, inabomolewa. Asiye na shahidi kwamba ameishi hapo hapewi kitu.

Na nani anajua waliopitia nyumba ile kunishinda mimi? Hakuna!

Nikaenda Njiru kwa Mama Zainabu, jirani wa mwisho aliye hai.

Akanishika mikono. "Mutiso! Kumbe bado uko?"

Mutiso ndiye aliyenipangisha kisha akarudi kwao Machakos. Zamani baraza lilikataza kupangisha mtu mwingine, kwa hiyo wakaguzi wakija, mpangaji aliitika jina la mwenye nyumba. Mtaa mzima ukaniita hivyo.

"Mama, mimi ni Otieno."

"Otieno simjui. Nikiapa, nitaapa wewe ni Mutiso."

Nimebishana mpaka chai ikapoa. Hataki!

Jameni, nani amebaki anayemjua Otieno?