Mwiko wa Oleanda

Hakuna aliyenifundisha kupanda maua. Oleanda zangu za kwanza, ambazo vijiti vyake niliviomba kwa afisa mmoja mjini Kigoma, niliziua kwa maji. Nilimwagilia asubuhi na jioni kwa hofu, kumbe ni kichaka cha nchi kavu za Bahari ya Kati. Mizizi ikilowa mno inaoza. Zilizofuata niliziacha na kiu. Zikachanua mbele ya nyumba yetu Ujiji katikati ya kiangazi.

Afisa alikuwa amenionya: jani, mti, hata moshi wake ni sumu. Basi nilipopogoa, matawi niliyarundika nyuma ya nyumba niyafukie. Nilipogoa kwa kufuata kamba niliyoivuta ili kichaka kinyooke, nikarudia hata palipokwisha kunyooka. Nikiona kitu kimepinda sipati usingizi.

Mwaka ule wakimbizi walikuwa wakishuka kutoka Kagunga kwa mashua. Mama alimpa mwanamke mmoja Mrundi chumba cha uani, yeye na watoto wake wawili. Kuni watu walizipigania. Mchana mmoja nikamkuta anakoroga maharage kwa mwiko mpya, mweupe, ulionyooka vizuri. Alikuwa ameuchonga kutoka kwenye lundo langu. Watoto walishika sahani.

Nilipiga sufuria teke.

Mchuzi uliniunguza mguu. Watoto wakayarukia maharage, wakayaokota pamoja na mchanga. Mkubwa nikampiga kofi, mdogo nikamvuta mkono mpaka akalia, kisha nikajilaza juu ya chakula chao, kikiwa cha moto vilevile.

"Sumu!" nilipiga kelele. "Jamani, sumu!"

"Kumbe umetutilia sumu?" Mama yao alinishukia na mwiko uleule, kichwani, mgongoni, mdomoni. "Tumekimbia kuuawa, na wewe unatuua hapa? Inuka, shetani wee!"

Sikuinuka. Niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi vile vidole vidogo vilivyokuwa vikichimba chini ya mbavu zangu.

Mama yangu alikuja akamshika kiuno, akamweleza. Hakuamini. Tulipowapelekea maharage yetu, aliiweka sahani mbele yangu.

"Onja wewe kwanza, binti."

Kwao anayekupa chakula hukionja kwanza. Mdomo ulikuwa umepasuka, chumvi ilichoma. Nikameza.

"Na ya chini."

Nikala ya chini. Watoto walinitazama koo likipanda na kushuka. Mama yao alisubiri muda mrefu, kisha akawasogezea sahani.

"Kuleni."