Mwema, Tena Mwaminifu

Nimefundisha Kiingereza Lushoto hadi nikastaafu, na wapo watu wazima leo wanaokumbuka fimbo yangu kwa ajili ya kitenzi kimoja tu. Kumbe muda wote huo Waingereza walikuwa huko kwao wanakibadilisha Kiingereza chao, bila hata kunitaarifu.

Niligundua siku binti yangu alipomleta mchumba wake, kijana Mwingereza, kijijini kwetu Mlola aje kuonwa na mama yangu. Kwetu neno la bibi ndilo la mwisho. Akikataa, hakuna harusi. Binti alikuwa jikoni, maana mama hakutaka mposwa ajitafsirie posa yake mwenyewe. Kazi hiyo alipewa mtaalamu, yaani mimi.

Kijana alianza vizuri. Aliinama, akaamkia shikamoo, akaitikiwa. Mama akamsogezea bakuli la makande aliyoyainjika tangu alfajiri, akaniambia nimkaribishe. Nikamkaribisha kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Kijana akatabasamu, akasema, "I'm good."

Nikatafsiri bila wasiwasi kwamba anasema yeye ni mtu mwema.

"Hata mwizi angesema hivyo," mama akajibu. "Mwambie ale."

Nikarudia. Kijana akaweka mkono tumboni. "I'm good, honestly." Nikamfikishia mama: ni mwema, tena mwaminifu. Mama akalivuta bakuli upande wake, akasema mtu anayekuja kujisifu na chakula cha watu hakigusi, mjukuu wake hampati. Hapo nikaogopa kweli.

Nikaenda jikoni kumweleza binti yangu maneno hayo na kumuuliza amemtoa wapi mtu mwenye majivuno kiasi kile. Akashika kichwa.

"Baba, 'I'm good' maana yake hataki, ameshiba. Tumekula chipsi pale mjini."

Nikauliza maana hiyo ni tangu lini, na nani kaidhinisha.

"Ndivyo wanavyosema siku hizi, baba," akasema, machozi yakimlenga.

Akaenda kumnong'oneza mchumba wake. Kijana akaomba bakuli lake, akala jasho likimtoka, akamaliza. Uso wa mama ukalainika. Akachota upawa mwingine, akaushikilia hewani, akanitazama nimuulize.

Kijana akashusha pumzi. "I'm good," akasema.

Sebule nzima ikamgeukia mtaalamu.

"Anasema umwongezee," nikatafsiri.

Mama akalijaza bakuli hadi juu. "Huyu mpeni mke," akasema.