Kinda wa Bundi na Fundi Majeneza

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza, lakini mtaa mzima hakuna aliyecheka kumshinda. Ndiyo maana wakamwita Kicheko. Mbele ya wateja alijizuia, akawapa pole. Wakishaondoka, hata randa ikiteleza vizuri tu juu ya ubao, alicheka.

Nyuma ya karakana yake msitu ulianzia, na kwenye tundu la mti mkongwe waliishi bundi wawili, dume na jike. Jua likizama dume aliita kwa sauti nzito, jike akamjibu kwa sauti nyembamba.

“Kicheko, yaani umeajiri na mpiga debe?” kinyozi wa jirani alimtania.

Asubuhi moja upepo ulipasua ule mti, tundu likafumuka, na kinda mmoja akaonekana chini: manyoya meupe kama pamba, macho meusi ya kushangaa. Mama mkwe wake Kicheko, aliyekuja kumwona binti yake, alijishika kichwa.

“Baba, mtupe mbali huyo! Bundi si ndege wa kufuga.”

“Simfugi, mama, namjengea tu. Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza aliye hai.”

Alichukua vipande vya mbao vilivyobaki, akagonga kijumba chenye mlango mpana, akatandika maranda ndani na kukifunga juu kwenye shina lililosalia. Aliposhuka ngazi kumchukua kinda, hakumkuta.

“Mume wangu, tazama!” mkewe alipiga kelele.

Kinda alikuwa anapanda mwenyewe. Aliuma gome kwa mdomo, akakaza kucha, akapiga vibawa vyake vifupi, akajivuta. Akateleza, akaning’inia, akaanza upya. Kinyozi alikuja mbio na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

“Panda, mwanangu!” Sauti hiyo ilikuwa ya mama mkwe. “Usitazame chini!”

Alipofika juu walishangilia kama watu waliofunga bao. Ndani ya kijumba hakuingia. Alikaa juu ya paa. Kicheko alicheka mpaka akakalia ubao wenye gundi mbichi.

Jioni jike alikuja na panzi mdomoni, akamlisha mwanawe palepale.

Mama mkwe alikuwa aondoke kesho yake. Akasema goti linamsumbua, atakaa hadi wiki ijayo.